INJINI YA DIZELI IKIKOHOA: TUCHUNGUZE KABLA YA KUNUNUA NOZELI

Siku hizi vikundi vingi vya kujisaidia vina injini. Wengine wana pikapu ya kupeleka maziwa na mboga sokoni, wengine wana mashine ya posho, na wengine wana pampu ya kuvuta maji mtoni. Nyingi za injini hizi hutumia dizeli. Siku injini inapokohoa, kutoa moshi na kukataa kupanda mlima, neno la kwanza kusikika ni "nozeli". Fundi anasema nozeli, dereva anasema nozeli, hata jirani aliyesimama kando na mikono mfukoni anasema nozeli. Mweka hazina anafungua kisanduku, pesa zinatoka, na wiki ikiisha moshi ni ule ule.

Makala haya hayataki kumfanya kila mwanachama awe fundi. Yanataka jambo moja: kikundi kijue kuchunguza kwa utaratibu, kikianza na vitu visivyo na gharama, ili nozeli ishtakiwe tu ikiwa kweli ina hatia. Mengi tutakayoeleza hufanyika hapo nyumbani, kwa spana mbili tatu, kitambaa na chupa ya kioo.

Tutafuata njia ambayo wengi wenu mmeisikia katika semina za parokia: Ona, Amua, Tenda. Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji aliwafundisha vijana wafanyakazi njia hii, na Papa Yohane wa 23 akaipendekeza katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961. Tumezoea kuitumia kwa shida za jamii. Lakini injini iliyonunuliwa kwa michango ya watu 30, ikiharibika, hiyo nayo ni shida ya jamii.

NOZELI NI KITU GANI?

Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni hupanda na kuibana hewa ndani ya silinda mpaka hewa inapata joto kali. Hapo dizeli inarushwa ndani na inawaka yenyewe. Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel aliifaulisha injini ya namna hii mwaka 1897 mjini Augsburg. Zile za kwanza zilirusha mafuta kwa msaada wa hewa iliyoshindiliwa, na mtambo wake ulikuwa mkubwa. Mwaka 1927 kampuni ya Robert Bosch ilianza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo ya kusukuma dizeli, na injini hiyo ikazidi kufaa kwa malori na baadaye magari madogo.

Safari ya dizeli ni hii: inatoka kwenye tangi, inapita kwenye filta, inafika kwenye pampu kubwa ya injini, inasukumwa kwa nguvu ndani ya bomba jembamba la chuma, mwisho inafika kwenye injekta. Kila silinda ina injekta yake. Ncha ya injekta yenye tundu dogo ndiyo nozeli hasa, lakini mafundi wetu wengi huita kitu chote nozeli, nasi tutasema hivyo hivyo.

Ukitaka kuelewa kazi ya nozeli, ifikirie pampu ya mgongoni ya kunyunyizia dawa kwenye kahawa au viazi. Ncha yake ikiwa safi, dawa hutoka kama ukungu na kusambaa sawasawa. Ncha ikiziba au ikilika, dawa hutoka upande mmoja, au inachuruzika tu. Nozeli ya injini ni hivyo hivyo. Ikitoa ukungu, dizeli yote inawaka. Ikidondosha, dizeli haiwaki vizuri, nguvu zinapungua na moshi unaongezeka.

Tofauti kubwa ni msukumo. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa pauni 30 hivi kwa inchi ya mraba. Nozeli ya injini za zamani hufunguka kwa pauni kama 1,500, na nyingine hupita 3,000. Kwa hiyo kabla ya lolote tuzungumze usalama.

USALAMA KWANZA

Dizeli inayotoka kwenye nozeli au kwenye bomba lenye ufa inaweza kutoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama. Kidonda huonekana kama tundu la sindano, na mwanzoni huenda kisiume sana. Usidanganyike. Mtu aliyeingiwa na dizeli apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na daktari aelezwe wazi kwamba ni dizeli iliyoingia kwa msukumo. Akilala nyumbani kusubiri kesho anaweza kupoteza kidole au mkono mzima. Glovu hazizuii jambo hili.

Basi tushike haya:

1. Usitafute uvujaji kwa kidole. Pitisha kipande cha katoni karibu na bomba. Katoni ikilowa, umepata.

2. Usimruhusu mtu yeyote kutoa nozeli na kuijaribu ikirusha hewani huku stata ikizungushwa. Wengine hufanya hivyo kando ya barabara. Ni hatari.

3. Gari liwe nje mahali pa hewa, gia iwe huru, breki ya mkono imevutwa, na mawe yamewekwa kwenye magurudumu. Watoto wakae mbali.

4. Hakuna sigara wala moto. Dizeli iliyomwagika ifutwe kabla ya kuendelea.

5. Magari ya miaka ya karibuni ambayo dizeli yake huongozwa na kompyuta yana msukumo wa pauni 20,000 na zaidi. Kwenye gari la namna hiyo usilegeze bomba lolote la kwenda kwenye nozeli. Mambo ya kufungua nati tutakayoeleza hapa chini ni ya injini za zamani zenye pampu ya kawaida tu. Kama hujui ya kwenu ni ya aina gani, muulize fundi kwanza.

ONA: DALILI ZINASEMA NINI?

Kabla ya kufungua kitu, simameni kando ya gari na mtazame. Mmoja aandike. Andikeni shida inatokea wakati gani: asubuhi injini ikiwa baridi, kwenye mlima, ikiwa na mzigo, au siku nzima?

Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kutosha, au iliyozidi, au iliyoingia kama matone badala ya ukungu. Nozeli inaweza kuwa mkosaji. Lakini filta ya hewa iliyojaa vumbi la barabara zetu huleta moshi ule ule. Kumbukeni pia kwamba kwenye miinuko kama Nyahururu, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini yenye mzigo hutoa moshi mweusi zaidi kuliko ikiwa pwani.

Moshi mweupe mara nyingi ni dizeli isiyowaka. Ukionekana kidogo asubuhi ya baridi halafu ukaisha, si neno. Ukiendelea, na injini inatikisika, huenda silinda moja haifanyi kazi. Ukiendelea huku maji ya rejeta yanapungua, usifikirie nozeli. Huenda gasketi ya hedi imeungua na maji yanaingia kwenye silinda.

Moshi wa rangi ya buluu ni oili inayoungua. Hapo shida iko kwenye ringi za pistoni au valvu. Kununua nozeli hakutasaidia.

Kugonga kwa sauti kali, kama mtu anapiga chuma kwa nyundo, kunaweza kutoka kwa nozeli inayodondosha au inayofunguka vibaya. Kunaweza pia kutoka kwa beringi iliyolika, na hilo ni jambo kubwa. Injini ikianza kugonga ghafla, izimeni.

Lami nyeusi kuzunguka mguu wa nozeli, pamoja na sauti ya "chuf, chuf", ni dalili kwamba washa ya shaba iliyo chini ya nozeli haizibi. Nozeli yenyewe huenda ni nzima.

Mwisho, chomoeni kijiti cha oili. Kama oili imepanda kuliko mlivyoiacha, na inanuka dizeli, simamisheni injini hiyo mpaka fundi aione. Dizeli imeingia kwenye oili. Oili nyepesi haiwezi kulinda vyuma, na injini nzima inaweza kufa.

TUSIMSHTAKI MTU BILA USHAHIDI

Kuna kikundi kimoja cha akina mama ninachokifahamu ambacho pikapu yao ilianza kula mafuta. Safari ile ile, mzigo ule ule, lakini pesa za dizeli zikawa zinapanda mwezi baada ya mwezi. Maneno yakaanza kisimani: dereva anavuta dizeli usiku na kuuza. Kijana wa watu akaitwa mbele ya kamati, akaapa, hakuaminiwa, akaacha kazi. Dereva wa pili alipoanza, mafuta yakaliwa vile vile. Ndipo nozeli zilipopelekwa kupimwa, na mbili zikakutwa zinadondosha. Pikapu ilitengenezwa kwa siku moja. Jina la yule kijana halikutengenezeka kwa siku moja.

Kikundi hicho hakikuwa na daftari. Kingekuwa nalo, mambo yangeonekana mapema. Njia ni rahisi. Jazeni tangi mpaka juu, andikeni kilomita zinazosomeka. Mkijaza tena mpaka juu, andikeni kilomita na lita zilizoingia. Kwa mfano, mmetembea kilomita 300 na zimeingia lita 30: gari linakwenda kilomita 10 kwa lita. Wiki chache baadaye, kilomita 300 zimekula lita 40: sasa ni kilomita saba na nusu. Kuna kitu. Inaweza kuwa nozeli, filta ya hewa, tairi zisizo na upepo, breki zinazoshika, au kweli mtu anachota. Daftari halisemi ni nani. Linasema tu kwamba wakati wa kuchunguza umefika. Kwa mashine ya posho, andikeni madebe yaliyosagwa na lita zilizotumika.

AMUA: TUANZE NA VITU RAHISI

Fuateni mpangilio huu. Msiruke hatua, hata kama fundi ana haraka.

Hatua ya 1: Je, dizeli ipo? Msicheke. Geji za magari mengi ya kikundi zilikufa zamani. Ingizeni kijiti safi kwenye tangi. Kwenye mashine ya posho, hakikisheni koki ya tangi imefunguliwa, na tundu la hewa kwenye kifuniko halijaziba. Tundu hilo likiziba, injini huenda dakika chache halafu inazima.

Hatua ya 2: Dizeli ni safi? Chukueni kidogo kutoka chini ya filta, mahali pa kutolea maji, mkitie kwenye chupa ya kioo. Iacheni itulie nusu saa. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yatakaa chini na mtaona mstari. Mkiona maji, au uchafu kama matope, mwageni mpaka dizeli safi itoke. Maji ni adui mkubwa wa nozeli na pampu kwa sababu yanaleta kutu.

Hatua ya 3: Filta ya dizeli ilibadilishwa lini? Kama hakuna anayekumbuka, badilisheni. Gari linaloanza vizuri lakini linakosa nguvu mlimani mara nyingi linanyimwa mafuta na filta. Filta ni bei ndogo ukilinganisha na nozeli moja, sembuse nne.

Hatua ya 4: Filta ya hewa. Itoeni, mtazame mwangaza kupitia karatasi yake. Kama hamwoni mwangaza, imekufa. Zile za mashine ya posho zenye oili chini, mwageni oili chafu, osheni bakuli, mtie oili mpya mpaka kwenye alama.

Hatua ya 5: Kuna hewa kwenye mabomba? Injini ya dizeli ikivuta hewa inakohoa na kuzima. Dalili moja ni hii: asubuhi inasumbua sana kuwaka, lakini mchana inawaka vizuri. Usiku dizeli imerudi kwenye tangi na hewa imechukua nafasi yake. (Injini ikisumbua asubuhi tu, mwambieni fundi apime pia hita za kupashia silinda joto.) Kutoa hewa, legezeni skrubu iliyo juu ya filta na mpige pampu ndogo ya mkono. Povu litatoka, halafu dizeli safi. Kazeni skrubu. Povu lisipoisha hata baada ya kupiga sana, hewa inaingia mahali kati ya tangi na pampu. Kagueni mipira yote, hasa mahali pa kuungia. Mpira wenye ufa hauvujishi lazima. Unaweza kunyonya hewa tu, ndiyo maana watu hawauoni.

Hatua ya 6: Valvu za injini zilipimwa lini? Valvu zisizofunga sawasawa hupunguza mbano ndani ya silinda, na bila mbano dizeli haiwaki. Kazi hii ni ya fundi, lakini ni nafuu.

Kama hatua hizi sita zimepita na shida ingalipo, sasa nozeli iitwe kizimbani.

NI SILINDA GANI ILIYOLALA?

Kipimo cha kwanza ni cha maji, na hakina hatari. Asubuhi injini ikiwa baridi, iwasheni iungurume polepole kwa nusu dakika hivi. Dondosheni tone la maji kwenye kila mdomo wa chuma unaotoa moshi kutoka kwenye silinda. Palipo na moto tone litachemka. Mdomo ambao tone linakaa tu ni wa silinda iliyolala.

Kipimo cha pili ni cha kulegeza nati, kwa injini za zamani peke yake. Mara ya kwanza kifanywe mbele ya fundi, na anayefanya avae miwani. Injini ikiwa na joto na inaunguruma polepole, zungushia kitambaa kinene kwenye nati ya bomba la nozeli ya kwanza. Legeza kwa spana nusu mzunguko tu. Msikilize wote. Sauti ya injini ikibadilika na kuanza kukosa, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Kaza nati. Nenda ya pili, ya tatu, ya nne. Mkifika kwenye nati ambayo mkiilegeza sauti haibadiliki hata kidogo, mmempata asiyefanya kazi. Ni kama kwenye shamba la kikundi: mtu mmoja akiondoka na kazi ikaendelea vile vile, basi alikuwa amesimama tu.

Lakini ngojeni. Silinda iliyolala haimaanishi lazima nozeli imekufa. Inaweza kuwa mbano umeisha kwa sababu ya ringi au valvu, au pampu haipeleki dizeli kwenye bomba lile. Mwambieni fundi abadilishane nozeli ya silinda hiyo na ya jirani yake, akitumia washa mpya za shaba, halafu kipimo kirudiwe. Kama ugonjwa umehama pamoja na nozeli, nozeli ina hatia. Kama ugonjwa umebaki pale pale, msinunue nozeli. Saa moja ya kazi hii inaweza kuokoa michango ya miezi.

Mashine ya posho yenye silinda moja haina jirani wa kulinganisha naye. Kwa zile za zamani zenye gurudumu kubwa, zimeni injini, fungueni koki ya dizeli, inueni kile kishikio cha kuondoa mbano, mzungushe polepole kwa hendeli. Nozeli inaporusha mara nyingi utasikia mlio mfupi wa kukwaruza, "krrr". Usiposikia kitu, angalia kwanza hewa kwenye bomba, ndipo uwazie nozeli.

NA GARI LA PETROLI?

Magari mengi ya petroli ya siku hizi nayo yana injekta, lakini zake hufunguliwa kwa umeme. Nyumbani unaweza kusikiliza tu. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha juu ya injekta na mpini karibu na sikio, injini ikiwa inaunguruma, ukijihadhari na feni na mikanda. Kila injekta isikike "tik tik tik" sawa na wenzake. Iliyo kimya ndiyo ya kuchunguzwa, kuanzia na waya wake. Tazameni pia plagi na filta ya hewa. Msifungue bomba la petroli. Petroli inashika moto upesi mno.

TENDA: TWENDENI NA NOZELI WENYEWE

Nozeli ikishapatikana na hatia, usikimbilie duka. Ipelekwe kwa mafundi wenye mashine ya mkono ya kupimia nozeli. Mwanachama mmoja aende pamoja na dereva, asimame pale aone. Mambo ya kutazama ni matatu:

Kwanza, msukumo wa kufunguka. Geji ionyeshe kipimo kilichowekwa na mtengenezaji wa injini hiyo. Ukiwa chini, fundi anaweza kuurekebisha.

Pili, mrusho. Je, ni ukungu uliosambaa sawa, au ni uzi wa maji?

Tatu, kudondosha. Msukumo ukiwa chini kidogo ya ule wa kufunguka, ncha ikae kavu. Tone likijikusanya, nozeli haizibi.

Nyingine husafishwa zikapona. Nyingine zinahitaji ncha mpya tu, si injekta nzima. Ulizeni. Ombeni risiti, na mrudi na kile cha zamani kilichotolewa ili kamati ikione. Hatusemi mafundi ni waongo. Wengi ni watu waaminifu wanaokula jasho lao. Lakini fundi mwaminifu hachukii kutazamwa. Na pampu kubwa ya dizeli msiiguse wala msikubali ifunguliwe chini ya mti. Vyuma vyake vinakaribiana kiasi kwamba punje ya mchanga inatosha kuiharibu.

TUZILINDE ZILIZO NZIMA

Nozeli nyingi huuawa na dizeli mbaya. Mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli hayana ulaini wa kutosha, na pampu pamoja na nozeli hulika. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli, na wachanganyaji wakapata faida. Mwaka 2018 Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa yanayoingizwa nchini, hasa kwa ajili ya kuzuia mchezo huo. Hata hivyo, nunueni kwenye kituo kinachojulikana, na mtunze risiti. Dizeli ya jerikeni ya kando ya barabara inaonekana rahisi siku ya kununua.

Mkiweka dizeli nyumbani kwa ajili ya mashine, jerikeni iwe safi na imefungwa, itulie usiku mzima kabla ya kumiminwa, mmimine kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na kile cha chini kabisa kisiingie kwenye tangi. Maji ya filta yamwagwe kila wiki. Ni kazi ya dakika tano. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Injini yetu ni ya aina gani, ya zamani au ya kompyuta? Nani kati yetu anajua?

2. Filta ya dizeli na ya hewa zilibadilishwa lini mara ya mwisho? Imeandikwa wapi?

3. Je, tuna daftari la kilomita na lita? Kama hatuna, nani ataanza kuliandika wiki hii?

4. Je, tumewahi kumlaumu dereva, mwendesha mashine au fundi kabla ya kuchunguza? Kama yuko mtu tuliyemkosea, tutafanya nini ili kumrudishia heshima yake?

5. Kwenye akiba ya kikundi, tumetenga kiasi gani kwa ajili ya matengenezo, kabla injini haijakohoa?